Vita vimekwisha, familia imebaki: namna ya kuhakiki mchezo kama All My Sons

Swali:

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Kagera, naandikia jarida dogo la vijana. Kikundi cha sanaa cha hapa mjini kimeigiza kwa Kiswahili mchezo wa Arthur Miller, All My Sons, na mhariri ameniagiza uhakiki wa maneno 800. Nimekwama. Nililia sana ukumbini, maana babu yangu alipigana vita vya 1978 na mpaka leo hasemi neno juu ya vita hivyo. Sasa sijui kama mchezo ulikuwa mzuri au ni mimi tu niliyeguswa. Aliyeigiza Mama ni jirani yetu. Alilia mwanzo hadi mwisho na watu wanamsifu, ila mimi nilichoka naye. Mwishoni Baba alijipiga risasi mbele yetu, mlio ukachelewa, ukumbi ukacheka. Wengine wanasema kikundi kingeuhamishia mchezo huku kwetu badala ya kutuletea Marekani. Je, mtu ambaye hajaona vita ana haki gani ya kukosoa mchezo wa namna hii? Nisimulie mwisho au nisisimulie? Na nimtaje babu? Onyesho moja bado, Jumamosi ijayo."

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Swali lako ni refu na nimelipenda kwa urefu wake, maana humo ndani umeshaandika nusu ya uhakiki bila kujua. Umesema Mama alilia mwanzo hadi mwisho ukachoka naye. Umesema mlio ulichelewa na ukumbi ukacheka. Hayo ni macho ya mhakiki. Wala hukukosa la kusema. Umeshikwa na hofu. Unaogopa kwamba ukitamka kuwa mchezo ulilegea mahali fulani, utakuwa umewavunjia heshima waliopoteza watu wao vitani, na babu yako akiwa wa kwanza. Hofu hiyo naikuta kwa wanafunzi kila wanapopewa mchezo wa vita wauhakiki, uwe wa Maji Maji, wa Rwanda au wa nchi ya mbali. Kalamu inakuwa nzito, na mwisho wake wanaandika sifa tupu.

Hukuagizwa kuhukumu vita. Umeagizwa kutazama kazi ya watu waliojitolea kukueleza jambo kwa saa mbili tatu, kwa miili yao, sauti zao, mbao, taa na nguo. Kazi hiyo ina ufundi wake, na kila ufundi una mahali unapofaulu na mahali unaposhindwa. Aliyefiwa anastahili kuelezwa vizuri. Ukionyesha mahali alipoelezwa vibaya, unasimama upande wake.

Kwa wasomaji wengine, niuseme mchezo wenyewe kwa ufupi. All My Sons ulionyeshwa Broadway, New York, Januari 1947, ukiongozwa na Elia Kazan, wakati Vita vya Pili vya Dunia havijamaliza hata miaka miwili tangu vikome. Mzee Joe Keller ana kiwanda ambacho wakati wa vita kilitengeneza vipuri vya ndege za kivita. Siku moja vilitoka vichwa vya silinda, sehemu ya injini, vyenye nyufa. Nyufa zikafichwa, mzigo ukapelekwa jeshini, na marubani 21 wakafa. Joe alijitetea kwamba siku ile alikuwa mgonjwa nyumbani. Mshirika wake, Steve Deever, yuko gerezani. Joe mwenyewe aliachiwa kwa rufaa, akarudi kwenye biashara na kutajirika. Mwanawe mmoja, Larry, aliyekuwa rubani, alipotea vitani zaidi ya miaka mitatu iliyopita. Mwingine, Chris, alirudi mzima, na sasa anataka kumwoa Ann, aliyekuwa mchumba wa Larry na ambaye ni binti wa huyo Steve aliyefungwa. Mama, Kate, hataki kusikia kwamba Larry amekufa. Yote yanatokea uani kwa Keller, kuanzia asubuhi ya Jumapili moja ya Agosti hadi saa nane za usiku.

Sasa nikuondolee mzigo mmoja ambao najua umetoka nao shuleni. Darasani tunafundishwa kuhakiki kwa fani na maudhui: dhamira, ujumbe, migogoro, wahusika, mtindo, mandhari, kila kimoja na kichwa chake. Kwa mtihani inafaa, na kwa kusoma andiko kabla ya kwenda ukumbini inasaidia. Lakini msomaji wa jarida lako hasahihishi mtihani. Ukimwambia "dhamira kuu ni athari za vita katika familia," umesema jambo la kweli ambalo lingefaa michezo elfu moja, pamoja na mibovu. Yeye anataka kujua ukumbi wenu ulipata nini usiku ule, na kikundi chenu kilifanya nini na andiko hili. Mchezo ulioko kitabuni haujakamilika bado. Unakamilika mtu anapoingia jukwaani na kuamua asimame wapi.

Kwa hiyo swali lako la kwanza, kabla ya mengine yote, liwe hili: vita viliingiaje uani mwa Keller? Angalia vizuri, hakuna askari mwenye bunduki katika mchezo huu, hakuna bomu wala mkimbizi. Ni watu wanasoma gazeti, wanakunywa, wanataniana na majirani. Mchezo unaohusu familia baada ya vita unasimama au unaanguka hapo: je, hicho kisichoonekana kinaonekana? Miller aliweka milango kadhaa, na kazi yako ni kutazama kama kikundi kiliifungua.

Mlango wa kwanza ni mtufaha uliopandwa kwa ukumbusho wa Larry. Upepo umeuvunja usiku kabla mchezo haujaanza, na tendo la pili linapofunguka Chris anaukata kwa msumeno, kinabaki kisiki. Kikundi chenu kilitumia mti gani? Ulilala pale watu wakiuruka na kuuzunguka, au uliondolewa mapema ili kupata nafasi ya kutembea? Kama Mama alipita karibu nao bila mwili wake kushtuka hata kidogo, hilo ni jambo la kuandika.

Mlango wa pili ni mtoto, Bert, mtoto wa jirani anayecheza polisi na Mzee Joe. Joe amemwaminisha kwamba ndani ya nyumba, chini, kuna gereza. Watazamaji wanacheka, na wana haki ya kucheka. Kisha Mama anatoka na kumfokea mtoto kwa ukali usiolingana na mchezo wa kitoto, akisema hakuna gereza hapa. Kicheko kinakatika na mtazamaji anajiuliza: kwa nini neno gereza limemchoma hivyo? Bado hajajua kitu, lakini ameanza kujua. Vikundi vingi hukifuta kipande hiki kwa kuwa kumpata mtoto wa kuigiza ni kazi. Kama chenu kilikifuta, sema, na useme kilichopotea.

Upo pia mlango mdogo, na ndio naupenda kuliko yote: soksi. Chris alikuwa na askari chini yake vitani, na karibu wote waliangamia. Anamsimulia Ann kwamba mvua ilikuwa imenyesha siku kadhaa, na kijana mmoja akaja akampa soksi zake za mwisho zilizokuwa kavu. Basi. Hasimulii mizinga wala damu. Halafu anasema alivyorudi nyumbani akakuta watu wanaendelea na biashara kana kwamba yale yote ilikuwa ajali ya basi, na yeye akaona haya kuendesha gari jipya na kuliona jokofu jipya. Hapo ndipo mwigizaji wa Chris anapojulikana. Akiisema kwa kelele na mkono kifuani, imekufa. Akiisema kama mtu anayeona aibu kwamba jambo dogo kama soksi ndilo lililobaki kichwani mwake, ukumbi unanyamaza wenyewe. Jumamosi, kaa umsikilize hapo.

Mlango wa mwisho ni kauli inayomponyoka Mama jioni ile, wakati George, kaka yake Ann, amekuja na hasira kutoka kumtembelea baba yake gerezani. Wanakaribia kupatana kabisa. Mama, kwa furaha ya mwenyeji, anamsifu mumewe kwamba hajaugua hata siku moja kwa miaka 15. Joe anajaribu kudakia kwamba aliwahi kupata mafua wakati wa vita, lakini wamechelewa. George amesikia. Kama Joe hakuwahi kuugua, basi siku ile ya silinda hakuwa kitandani. Mchezo mzima unageukia kwenye maneno ya ukarimu. Nilitaka uone jinsi ujenzi huu ulivyo: hakuna anayekamatwa kwa upelelezi, wanajifichua wenyewe kwa kuishi pamoja.

Hii ndiyo mashine ya michezo ya aina hii, na ukiielewa utaandika kwa kujiamini. Tukio kubwa limeshapita kabla pazia halijafunguka. Kila mtu ndani ya nyumba ameshika kipande chake cha siri, na amani ya nyumba inategemea vipande hivyo visikutane. Anakuja mgeni kutoka nje, vipande vinaanza kukutana. Mtazamaji hakai akijiuliza "kitatokea nini?" bali "kilitokea nini?" Sophocles, mtunzi wa Ugiriki ya kale, aliujenga mchezo wake juu ya Mfalme Oedipus hivyohivyo, na Ibsen wa Norway akaurudisha ujenzi huo katika sebule za karne ya 19, Miller alijifunza mengi kwa Ibsen. Linganisha na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ya 1969, tamthilia ya Vita vya Maji Maji, ambamo vita viko mbele na kila mtu anavisogelea: mvuto wa mchezo ule unakwenda mbele. Huu unakwenda nyuma. Ndiyo maana mchezo wa baada ya vita ukichezwa kwa pupa unaharibika, kwa kuwa mtazamaji anahitaji muda wa kukusanya.

Turudi kwa machozi yako. Unauliza kama mchezo ulikuwa mzuri au ni wewe uliyeguswa. Machozi yako ni ya kweli na usiyaonee haya, ila peke yake hayatoshi kuwa ushahidi. Kuna mambo ambayo yakitajwa tu yanaliza: mtoto aliyepotea, mama anayesubiri, barua ya marehemu. Hata onyesho bovu litapata machozi kwa hayo. Kinachotofautisha ni wakati gani ulilia na kitu gani hasa kilikuliza. Chukua daftari ukumbuke: ulilia barua ya mwisho ya Larry iliposomwa? Ulilia Joe alipokuwa akicheka na majirani na wewe ukamwona babu yako mlangoni? Kama ulilia kwa kitu ambacho mwigizaji alifanya, mkono uliokataa kuachia kiti, sauti iliyoshuka badala ya kupanda, andika kitu hicho na kikundi kipewe haki yake. Kama ulilia kwa sababu akili yako ilitoka ukumbini ikaenda nyumbani, hilo ni lako, na linaweza kuwa sifa ya mchezo pia, lakini usilidai kutoka kwa wasomaji wasio na babu kama wako.

Na jirani yenu je? Hapa nadhani umeona sawasawa na umati umekosea, na nitakueleza kwa nini ili usiandike kwa kubahatisha. Kate haombolezi. Yeye ndiye mtu pekee katika familia anayekataa kuomboleza. Viatu vya Larry bado vimeng'arishwa kabatini. Anamwomba jirani, Frank, amtazamie nyota za mwanawe, kama ile tarehe 25 Novemba aliyopotea ilikuwa siku yake njema, kwa kuwa mtu hafi katika siku yake njema. Sababu ya ukaidi wote huu inatoka baadaye, na ni nzito: kama Larry amekufa, basi kwa hesabu ya Kate, baba yake ndiye aliyemuua. Kwa hiyo kila siku anayomweka Larry hai anaokoa watu wawili. Mwanamke wa namna hiyo hana nafasi ya kulia. Ana shughuli nyingi mno: kupika, kupokea wageni, kuwatazama wanaume wa nyumba wasiseme la kusema. Mwigizaji anayelia tangu anapoingia asubuhi ni kama mtu aliyemaliza mshahara tarehe mbili. Usiku wa manane, barua inapokuja, hana kitu cha kutoa. Uchovu wako ulitokana na hapo.

Uandike vipi bila kugombana na jirani? Usiandike "hakuvaa uhusika" wala "hakufaa nafasi yake," maana hizo ni hukumu zisizo na ushahidi, naye hatajifunza lolote kwazo. Andika ulichoona, kisha matokeo yake. Mfano: "Mama wa onyesho hili alianza kulia kabla hatujajua analilia nini, na barua iliposomwa usiku hatukuona tofauti kati ya mwanamke aliyekuwa akitumaini na huyu aliyekata tamaa." Sentensi kama hiyo inauma kidogo lakini haidhalilishi. Kisha utafute, kwa dhati, mahali alipofaulu. Alipomfokea yule mtoto? Alipompokea George? Mwigizaji anayelia mchezo mzima mara nyingi anafanya hivyo kwa kuwa mwongozaji amemwambia "onyesha huzuni," kwa hiyo lawama isimwangukie peke yake. Na kwa kuwa mnafahamiana, mwambie mhariri wako mapema kwamba ni jirani yenu. Ni adabu ya kazi.

Kicheko cha mwisho ni suala la uongozaji pia. Katika andiko la Miller, Joe hajipigi risasi mbele ya watu. Barua ya Larry imesomwa: kijana alijua habari za baba yake kutoka kwenye magazeti, akashindwa kuishi na aibu hiyo, akarusha ndege yake kwenda kufa. Joe anasema kwamba kwa Larry wale marubani wote walikuwa wanawe, na anadhani ndivyo walivyokuwa. Anaingia ndani kama mtu anayekwenda kuchukua koti ili apelekwe polisi. Tunabaki uani na Chris na Mama wanaobishana, na mlio unatoka ndani ya nyumba. Wagiriki wa kale nao walizoea kufichia vifo nyuma ya mlango. Sababu inaeleweka: kifo kisichoonekana kinafanyiwa kazi na fikra za mtazamaji, na fikra hazicheleweshi mlio. Kinacholetwa jukwaani kinapimwa kwa macho, na bastola ya mbao iliyotangulia sauti yake haiwezi kupita kipimo hicho. Basi usiandike kwamba watazamaji wa kwetu hawana ustaarabu. Walicheka kwa kuwa walichoonyeshwa kilichekesha, na wengine, nadhani, kwa kuwa walikuwa wamebanwa na huzuni na wakapata tundu la kupumulia. Muulize mwongozaji kwa nini alimtoa Joe nyumbani. Huenda ana sababu nzuri: labda ukumbi hauna mlango wa nyuma. Hata hivyo utaandika kwamba uamuzi huo ulikigharimu kikundi dakika yake kubwa kuliko zote.

Sasa wale wanaosema mchezo ungehamishiwa Kagera. Wana hoja, na usiipuuze. Kwenu vita si hadithi ya sinema. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Oktoba 1978, daraja la Kyaka likavunjwa, na hata baada ya Kampala kuanguka Aprili 1979 watu waliendelea kuvilipa. Mwalimu Nyerere aliwataka wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, na wazee watakuambia mikanda hiyo ilifungwa muda gani hasa. Halafu ikaja 1983, msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, watu wakatupa mali usiku wakiogopa kukutwa nayo. Mzee wa Bukoba akimsikia Joe akisema kwamba alifanya yote kwa ajili ya familia, hahitaji kuelezwa jimbo la Ohio huko Marekani liko wapi. (Miller aliupata mchezo huu kwa mama mkwe wake, aliyemsimulia habari kutoka Ohio za msichana aliyemshtaki baba yake kwa kuuzia jeshi vipuri vibovu.)

Lakini kuhamisha nako kuna gharama. Joe Keller ni mwenye kiwanda binafsi anayeliuzia jeshi. Katika Tanzania ya Ujamaa ya mwaka 1978 mtu wa namna hiyo ni vigumu kumpata, kwa hiyo kosa lenyewe lingebidi libuniwe upya, labda chakula, labda malori. Ukibadili kosa, umebadili hesabu nzima ya nani alikufa na kwa nini. La pili ni zito zaidi: mkiuweka mchezo mjini kwenu, watu watatoka ukumbini wakitafuta Joe ni nani hasa, ni baba wa nani, duka la nani. Mchezo utakuwa umbeya. Umbali una kazi yake. Tamthilia ya kale kuliko zote zilizotufikia nzima, Waajemi ya Mgiriki Aeschylus, ilionyeshwa Athens mwaka 472 kabla ya Kristo, miaka minane baada ya vita vya Salamis, ambako Wagiriki waliwashinda Waajemi baharini. Aeschylus mwenyewe alikuwa amepigana na Waajemi huko Marathon. Aliwaweka watazamaji wake, washindi, ndani ya jumba la adui, wakamtazama mama akimsubiri mwanawe arudi kutoka vitani. Angeweza kuweka jukwaani mama wa Athens. Kwa mama wa adui, watu waliweza kulia bila kujitetea.

Maoni yangu, basi: kikundi kilifanya vema kuubakiza Marekani, ila wewe kama mhakiki wa Kagera una wajibu wa kuuliza kama Umarekani huo uliishia kwenye kofia na majina. Kama Joe aliongea kama mzungu wa kuigiza kwenye harusi, kwa puani, basi umbali uligeuka kizuizi. Kama alikuwa mzee tu, mwenye ucheshi, anayependwa na watoto wa mtaa, ulifika nyumbani. Na umtaje aliyetafsiri. Watu humsahau kila mara, na maneno yote uliyosikia yalipita mikononi mwake.

Haki ya mtu asiyeona vita? Miller hakupigana. Jeshi lilimkataa kwa sababu ya goti lililoumia akicheza mpira shuleni, akafanya kazi ya usiku katika karakana ya meli za kivita Brooklyn. Hakuhitaji kuiona Normandy, uwanja wa vita huko Ufaransa, ili ajue mtu anavyojidanganya ndani ya nyumba yake mwenyewe. Wewe nawe umekulia katika nyumba ambamo jambo moja halisemwi. Unalijua somo la mchezo huu kuliko mtu aliyesoma vitabu kumi vya historia ya vita. Soma historia kidogo, kiasi cha kutokosea tarehe, kisha uamini macho yako.

Mwisho usiusimulie, kwa kuwa onyesho moja bado lipo na mchezo huu unaishi kwa siri. Mimi nimeusimulia hapa kwa kuwa umeniuliza mambo yasiyojibika bila hiyo. Wewe mweleze msomaji hali ya mambo mpaka karibu na mwisho wa tendo la kwanza: nani amepotea, nani amefungwa, nani anataka kumwoa nani na kwa nini Mama hataki. Hilo linatosha kumfanya anunue tiketi. Kuhusu mlio uliochelewa, unaweza kusema kwamba tukio la mwisho lililetwa mbele ya macho yetu wakati mwandishi alilificha, na kwamba lilipoteza nguvu, bila kutaja ni tukio gani. Kama jarida litatoka baada ya Jumamosi na kikundi hakina mpango wa kurudia, una uhuru zaidi, ila hata hapo usianzie na kifo.

Babu yako sasa. Kama unataka kumtaja, muombe ruhusa kwanza, na akikataa au akinyamaza, kunyamaza kwake ukuhesabu ni kukataa. Ukipata ruhusa, sentensi moja au mbili zinatosha, zikiwa na kazi ya kumwambia msomaji ulikaa ukumbini ukiwa nani. Usimburute kwenda Jumamosi ukitumaini mchezo utamfungua mdomo. Wako wazee ambao kimya ndicho wanachotembelea, na kukiondoa mbele ya watu ni ukatili hata kama nia ni njema. Ukitaka kumsikia, kaa naye, umweleze ulichoona wewe, umwachie yeye aamue.

Kuna jambo moja hapo ambalo si la mtu wa jukwaa kama mimi. Kama anashtuka usingizini akipiga kelele, kama kishindo cha mlango kinamfanya atetemeke, kama hasira au ulevi vimeshaitesa nyumba, au kama wewe mwenyewe tangu usiku ule hulali na picha hazikutoki, hiyo ni kazi ya mtaalamu wa afya ya akili. Hospitali ya rufaa ya mkoa ndipo pa kuanzia. Ulizia huduma za afya ya akili. Miaka mingi kupita hakuzuii matibabu kusaidia. Na ikitokea yeyote kati yenu akazungumzia kujidhuru, msingoje siku ya kliniki, nendeni hapohapo.

Kwa upande wa kalamu, msaada wa ana kwa ana nao upo. Muombe mwongozaji nusu saa kabla ya Jumamosi, na umwombe akuonyeshe andiko walilotumia, maana bila hilo huwezi kujua kipi ni cha Miller na kipi ni chao. Ukipata nafasi ya kwenda mbali zaidi, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo ina walimu wa maigizo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa za maonyesho. Mtu aliyewahi kuongoza mchezo atakuonyesha kwa siku moja mambo ambayo barua kama hii haiwezi.

Jumamosi kaa kiti cha nyuma, pembeni, ili uone jukwaa na ukumbi pamoja. Usiandike gizani, tazama. Andika usiku huohuo ukifika nyumbani, kwanza yale uliyoyaona na kuyasikia, bila neno zuri wala baya. Kesho yake chagua matatu yaliyobeba mchezo na mawili yaliyouangusha, uyajengee maneno yako 800. Nitumie kabla hujampelekea mhariri, nitaisoma.